Mali Bila Daftari: Somo Juu ya Cheti cha Ufundi



Katika somo hili tutajifunza juu ya cheti cha ufundi: ni kitu gani, hutolewa na nani, na kina faida gani kwa mtu anayeishi kwa mshahara. Ili tusizungumze hewani, tumechagua kazi moja tuitazame kwa karibu. Ni kazi ya mtu anayetengeneza kahawa kwa mashine katika hoteli na mikahawa ya mjini. Mtu huyo huitwa barista.

Huenda ndugu wa shamba la chai au wa kiwanda cha sukari akauliza: sisi na barista wapi na wapi? Majibu ni mawili. Kwanza, wengi wetu huchuma, humenya, huchambua na hubeba kahawa ile ile ambayo barista huimimina kikombeni. Sisi tuko mwanzo wa njia, yeye yuko mwisho wake. Pili, swali linalomkabili barista ndilo linalomkabili mwendesha boila, fundi wa mashine ya kumenya kahawa, na mama anayechambua buni mezani. Mtu aliyejifunza kazi kwa kuifanya atathibitishaje kwamba anaijua? Na akisha kuthibitisha, je, atalipwa kama anayejua?

BARISTA NI NANI?

Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni mtu anayehudumu kwenye kaunta ya vinywaji. Mashine anayoitumia nayo ilianzia Italia. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliandikisha haki ya mashine inayopitisha maji ya moto na mvuke katika kahawa iliyosagwa, na kutoa kikombe kimoja kimoja kwa haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia alileta mashine ya mkono wa kuvuta ambayo ilisukuma maji kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo ilipopatikana kahawa nzito yenye povu la rangi ya dhahabu juu, ambayo leo huitwa espreso.

Lakini tusidhani kwamba ufundi wa kahawa ulikuja na mashine. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mafundi wake zamani. Muuza kahawa wa Mombasa, Lamu au Zanzibar, mwenye mdila wake juu ya makaa na vikombe vidogo mkononi, alijua kukaanga, kutwanga na kuchemsha kwa kiasi, na kahawa yake chungu watu waliingojea barazani. Huyo hakuwa na cheti, wala hakukihitaji, kwa sababu mtaa mzima ulimjua. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

JE, NI UFUNDI AU SI UFUNDI?

Mwajiri mara nyingi husema: kazi ya kahawa ni kubonyeza kitufe na kumimina, mtu yeyote aweza kuifanya. Kwa maneno hayo barista huandikwa katika daraja la vibarua au wahudumu wa kawaida, na hulipwa hivyo. Basi tuitazame kazi yenyewe.

Kwa kikombe cha espreso mbili, barista hupima kahawa iliyosagwa, mara nyingi gramu 18 hadi 20. Huisawazisha na kuishindilia katika kikombe cha chuma chenye matundu. Maji ya nyuzi 90 hadi 96 hivi za sentigredi husukumwa ndani yake kwa mkandamizo wa karibu mara 9 ya ule wa hewa ya kawaida. Kahawa hutakiwa ishuke kwa muda wa sekunde 25 hadi 30. Ikishuka upesi mno, ni chachu na nyepesi. Ikichelewa mno, ni chungu na kali. Barista hana budi kujua chanzo: je, imesagwa kubwa mno, au ndogo mno? Imeshindiliwa upande mmoja? Hewa imebadilika? Asubuhi yenye unyevu na mchana wa jua havitaki usagaji ule ule.

Halafu kuna maziwa. Huyapasha kwa mvuke hadi nyuzi 60 au 65, akiingiza hewa kidogo ili povu liwe laini. Yakizidi joto hilo hupoteza utamu wake. Kisha kuna usafi wa mashine, ambao ukiachwa siku moja, mafuta ya kahawa huganda na kuharibu ladha. Kuna pia hatari: mvuke huunguza, na mashine ni chombo chenye mkandamizo, sawa na boila yetu ingawa ni kidogo. Haya yote hufanywa watu wakiwa wamepanga mstari, bila kukosea hesabu wala kukunja uso.

Tangu mwaka 2000, yalipofanyika mara ya kwanza mjini Monte Carlo, yapo hata mashindano ya dunia ya mabarista. Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi ni kwamba mshindani aandae vinywaji 12 kwa dakika 15, mbele ya waamuzi wanaotazama ladha, mikono na usafi.

Kazi yenye kipimo, yenye sababu na matokeo, na inayotaka muda kuijua, hiyo ni kazi ya ufundi. Aisemaye vinginevyo mara nyingi anatafuta njia ya kulipa kidogo.

AINA TATU ZA VYETI

Mfanyakazi anapoambiwa "nenda ukapate cheti", yampasa kujua kwamba si vyeti vyote vilivyo sawa. Tunaweza kuvigawa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni karatasi ya kuhudhuria. Hii hutolewa na mwajiri, na muuza mashine, au na shule ndogo ya binafsi. Inasema kwamba fulani alikaa darasani siku tatu au wiki mbili. Haisemi kwamba alipimwa akafaulu. Si kitu kibaya, lakini ukitoka nje ya mlango wa aliyeitoa, uzito wake hupungua.

Aina ya pili ni cheti cha chama cha biashara. Katika kahawa, kinachojulikana zaidi duniani ni cha Specialty Coffee Association, chama kilichoundwa mwaka 2017 baada ya chama cha Marekani na kile cha Ulaya kuungana. Mafunzo yake ya barista yana madaraja matatu: la mwanzo, la kati na la juu. Anayefundisha ni mwalimu aliyeidhinishwa na chama hicho, na mwanafunzi hupimwa kwa maswali na, katika kazi ya barista, kwa vitendo. Cheti hiki kinatambulika katika mikahawa ya nchi nyingi, pamoja na zile za Ghuba ambako ndugu zetu wengi wa Uganda na Kenya wamekwenda kufanya kazi. Hata hivyo tukumbuke: ni chama cha biashara ya kahawa, si chama cha wafanyakazi wala si serikali. Kinaweza kusema kwamba unaijua kazi. Hakiwezi kumwambia mwajiri akulipe kiasi gani.

Tena, vyeti vingine vya namna hii vina kikomo. Cheti cha Q cha waonja kahawa, wale wanaoonja na kuipa kahawa alama kabla haijauzwa, kwa miaka mingi kilitaka mwenye nacho ahakikiwe upya kila baada ya miaka 3. Yafaa mtu aulize jambo hilo kabla ya kulipa ada.

Aina ya tatu ni cheti cha taifa. Hiki hutolewa chini ya sheria ya nchi, kwa kipimo kilichoandikwa, na mtihani hausimamiwi na mwajiri wako. Mafundi wetu wazee wanaikumbuka City and Guilds ya London, iliyoanzishwa mwaka 1878, ambayo karatasi yake ilifungua milango mingi Afrika Mashariki. Taasisi hiyo nayo iliwahi kuweka mtihani wa ustadi wa barista. Huko Australia, utengenezaji wa espreso ni kipengele kimojawapo katika mafunzo ya taifa ya kazi za hoteli, na mtu aliyejifunza kazini aweza kupimwa bila kuanza darasa upya.

Hapa Uganda, Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani iliwekwa kwa amri ya mwaka 1972. Sheria ya mwaka 2008 ikaleta mfumo wa taifa wa sifa za ufundi, na ndani yake ikatengenezwa hati ya ujuzi uliopatikana kwa vitendo, kwa ajili ya watu waliojifunza kazini bila kupitia shule. Mwaka 2025 sheria nyingine ilipanga mambo haya upya na kuunganisha kazi ya upimaji. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Kenya ina majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na mwaka 2024 ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu alikuwa nao tayari.

KWA NINI MFANYAKAZI AHITAJI CHETI?

Wako wanaosema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake, fundi mzuri hana haja ya karatasi, kazi yake itasema. Methali hiyo ni ya kweli pale watu wanapokujua. Ilikuwa kweli kwa yule muuza kahawa wa mtaani. Lakini mfanyakazi wa leo hakai mtaa mmoja. Leo yuko Jinja, kesho Nairobi, kesho kutwa Doha. Meneja aliyemjua huhamishwa. Kampuni huuzwa, na mwenye mali mpya huja na watu wake.

Mwaka 2020 hoteli na mikahawa ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wafanyakazi wengi walirudishwa nyumbani. Milango ilipofunguliwa, mtu aliyefanya kazi miaka mingi bila hati yoyote ya ujuzi alisimama mstari mmoja na aliyeanza jana, akaambiwa aanzie chini. Ujuzi wake ulikuwa mikononi, lakini haukuandikwa popote. Kwa hiyo methali inayotufaa hapa ni nyingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi ni mali ya mfanyakazi, na cheti ndicho daftari lake.

Jambo hili si ombi la huruma. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 195 la mwaka 2004, linataka nchi ziweke njia za kupima, kuthibitisha na kutambua ujuzi wa mfanyakazi, hata kama aliupata nje ya shule. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia nchi kutambuliana vyeti. Lakini mapatano ya kwanza yaliyotiwa sahihi yalihusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi wa mikono aliachwa nyuma, na atabaki nyuma kama vyama vyake havitamsemea.

CHETI CHAWEZA KUWA KAMBA

Baada ya kusema hayo, yatupasa kuwa macho. Jembe hulima, na jembe hilo hilo hukata mguu. Tuone jinsi cheti kinavyoweza kumgeukia mfanyakazi.

Kwanza, ada. Mfanyakazi akiambiwa ajilipie mafunzo na mtihani, atakayepata cheti ni yule mwenye akiba, si yule mwenye ujuzi.

Pili, kifungo cha mkataba. Mwajiri hulipa ada, kisha humwandikisha mtu kwamba hataacha kazi kwa miaka kadhaa, au akiacha alipe gharama zote. Wengine hukaa na cheti chenyewe kabatini. Cheti kilichofungiwa na mwajiri si daftari tena, ni kamba.

Tatu, kuwafukuza wazee. Kanuni mpya hutangazwa: kila mtu awe na cheti kabla ya mwisho wa mwaka. Mtihani unawekwa kwa Kiingereza na kwa maandishi. Mtu aliyewafundisha wenzake miaka 15 hushindwa kwa ajili ya lugha, si kwa ajili ya kazi.

Nne, na hili ndilo kubwa, cheti bila mshahara. Mfanyakazi hupewa karatasi, hupigwa picha, hupigiwa makofi, na mwisho wa mwezi bahasha ni ile ile. Mwajiri amepata fundi aliyethibitishwa kwa bei ya kibarua.

Hatari hii ya nne ni kubwa hasa hapa Uganda. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Muswada mpya ulipitishwa na Bunge mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Mahali ambapo sheria haimwekei mtu sakafu ya kusimamia, ngazi ya madaraja iliyoandikwa katika mapatano ya pamoja ndiyo sakafu yake. Cheti kisichounganishwa na ngazi hiyo hakimpandishi mtu popote.

NA SISI WA SHAMBANI NA KIWANDANI?

Turudi mwanzo wa njia ya kahawa. Barista hata awe bingwa wa dunia, hawezi kurekebisha alichoharibu mchumaji. Buni mbichi ikichanganywa na mbivu, ladha huharibika. Kahawa ikikaa katika matangi na kuchachuka kupita muda wake, hunuka hata baada ya kukaangwa. Punje mbovu ikimpita mchambuzi, kikombe kizima hupotea. Ubora unaouzwa kwa bei kubwa kwenye kaunta huanza katika jicho la mchumaji na vidole vya mchambuzi.

Basi kwa nini kazi ya mwisho wa njia ianze kupewa madaraja na vyeti, na kazi za mwanzo ziendelee kuitwa za vibarua? Mama anayetofautisha punje nzima na yenye tundu la mdudu kwa saa nane kila siku ana ujuzi. Mtu anayejua kwa kushika kwamba majani ya chai yamenyauka kiasi cha kutosha ana ujuzi. Mwendesha boila anayesikia mlio akajua kuna hitilafu kabla mshale haujasema, naye ana ujuzi. Tofauti ni kwamba ujuzi wao haujaandikwa. Usioandikwa haupimwi, na usiopimwa haulipiwi.

TUFANYE NINI?

Kazi ya kwanza ni ya tawi. Kila tawi liandike orodha ya kazi zote za ufundi mahali pake, hata zile zinazoitwa za vibarua. Mbele ya kila kazi waandike mambo matatu: mfanyakazi hujua kufanya nini, huchukua muda gani kujifunza, na akikosea hasara gani hutokea. Orodha hiyo ndiyo silaha mezani wakati wa majadiliano.

Kazi ya pili ni kuuliza fedha za mafunzo ziko wapi. Nchini Kenya mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Tanzania bara kuna tozo ya kuendeleza ujuzi juu ya jumla ya mishahara, ambayo mwaka 2023 ilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Fedha hizo hutolewa kwa hesabu ya vichwa vya wafanyakazi au ya mishahara yao. Ni haki kuuliza ni vichwa vingapi vilivyofunzwa. Hapa kwetu nasi tudai mpango utakaomfikia mfanyakazi mwenyewe.

Kazi ya tatu ni kuingiza vifungu katika mapatano ya pamoja. Tunapendekeza vifuatavyo, na kila tawi laweza kuvirekebisha:

1. Mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 katika kazi ya ufundi atakuwa na haki ya kupimwa, na siku za kupimwa zitahesabiwa kuwa siku za kazi zenye malipo.

2. Gharama za kipimo cha kwanza zitalipwa na mwajiri, wala hazitakatwa katika mshahara.

3. Kipimo kitakuwa cha vitendo, kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, mbele ya mpimaji asiyeajiriwa na kampuni.

4. Cheti halisi ni mali ya mfanyakazi. Mwajiri atabaki na nakala tu.

5. Mfanyakazi akifaulu atapandishwa daraja, na mshahara wa daraja jipya utahesabiwa kuanzia tarehe ya matokeo.

6. Asiyefaulu hatafukuzwa wala kupunguziwa mshahara, na atapewa nafasi ya kurudia.

Ndugu msomaji, ukitazama utaona kwamba kifungu cha tano ndicho moyo wa vyote. Vingine vitano bila hicho ni karatasi juu ya karatasi. Mwajiri atakubali kwa urahisi cha kwanza na cha nne, na huenda akakubali cha pili. Kwenye cha tano ataomba muda wa kufikiri. Hapo ndipo wajumbe wetu wasichoke.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Mahali pako pa kazi, ni kazi zipi zinazoitwa za vibarua ingawa huchukua miezi kuzijua?

2. Je, yuko mwenzenu ambaye cheti chake kimewekwa na mwajiri? Mapatano yenu yanasema nini juu ya jambo hilo?

3. Katika miaka mitatu iliyopita, ni wafanyakazi wangapi waliopata cheti, na wangapi kati yao waliongezewa mshahara kwa ajili hiyo?

4. Mzee wa kazi asiyejua Kiingereza atapimwaje kwa haki?

5. Soma tena vifungu sita hapo juu. Kipi kinafaa kwenu kama kilivyo, na kipi kinahitaji kubadilishwa?

Katibu wa tawi asome somo hili kwa sauti mkutanoni, kwa ajili ya wale wasioweza kusoma, na majibu ya swali la tatu yaandikwe kwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo zitakazobebwa mezani siku ya kujadiliana.